Kauli ya Kutendwa

5 Februari 1989

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tunasukuma siku. Mama yuko vilevile: miguu imegoma kabisa, na kichwa mara kipo, mara kimetoka kidogo. Asubuhi namgeuza, namwosha, namwekea chai karibu na mkono, ndipo nakimbilia shule. Mchana jirani humchungulia. Juzi Mama aliniuliza kama umeshaoa. Nikamwambia una watoto watatu, na mmoja anakaribia kukupita urefu. Akasema, "Basi mbona hakunialika?" Akanuna mpaka jioni.

Darasani mwaka huu nina watoto sitini na wanane. Madawati yanatosha arobaini. Waliobaki wanasema sakafuni kuna ubaridi mzuri, nami najifanya nimeamini.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mwanangu haandiki. Tangu umchukue kwenye karakana yenu ya ndege, miaka minane sasa, mwisho wa mwezi haujawahi kupita bila barua yake, hata kama ni ya mistari minne ya kunidanganya kwamba anakula vizuri. Desemba imepita kimya. Januari imepita kimya. Kama ni mwanamke, mwambie mama yake si polisi. Kama amechoka nami, aniandikie kwamba amechoka.

Wewe unamwona kila siku. Nijibu upesi.

Dada yako


26 Februari 1989

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimetubana. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wazima. Yule wa kwanza ameota ndevu tatu na anazihesabu kwenye kioo kila asubuhi, tunachelewa kuoga kwa ajili ya ndevu tatu. Mwambie Mama nilimwalika, ila kadi ilipotea njiani.

Hujawahi kuniuliza kazi yetu hasa ikoje, basi leo nikueleze. Injini ya ndege haifumuliwi ovyo kama ya lori. Kwanza tunaisikiliza, halafu tunaichungulia. Tuna bomba jembamba lenye taa na kioo nchani, tunalipenyeza tumboni mwake, kama daktari na mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Mimi kazi yangu kubwa ni kuiendesha ikiwa chini. Nakaa kwenye kiti cha rubani, nabonyeza swichi ya stata, ile mota inayoanza kuizungusha injini, natazama geji: mzunguko, joto la moshi, presha ya oili. Injini yenyewe huioni, iko nyuma mkiani. Unaisoma kwa mishale tu. Mwenzako anasimama huko nyuma na hedifoni yenye waya mrefu, yeye ndiye macho yako.

Macho yangu mimi ni mwanao. Hapa wanamwita Kucha. Mapanga ya injini, yale mabapa yanayozunguka ndani yake, yakichubuka hata kiasi cha punje ya sukari, panga hilo laweza kukatika angani. Wengine wanatafuta kwa tochi. Yeye hufumba macho, akapitisha ukucha wa gumba ukingoni mwa panga, taratibu, akasimama. "Hapa." Tunaleta kioo cha kukuzia, kweli tunakuta. Mkuu wa karakana husema ukucha ule ungestahili kusajiliwa pamoja na vifaa.

Hajambo. Mkono unamsumbua kidogo, ndiyo maana haandiki. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako


11 Machi 1989

Mdogo wangu,

Tu wazima. Mama amesamehe habari ya kadi. Mvua imeingia ofisini kwa mwalimu mkuu na kuharibu mitihani ya darasa la sita, watoto wamefurahi kuliko siku ya likizo.

"Mkono unamsumbua kidogo." Umeniandikia kurasa mbili na nusu juu ya injini na mstari mmoja juu ya mwanangu, na mstari wenyewe umeuweka mwisho kabisa, pale watu wanapowasalimu paka. Mkono gani? Unamsumbua nini? Ni jipu, amevunjika, ameungua? Daktari amesema nini? Na kama ni mkono mmoja, mbona asikuambie wewe umwandikie, akatia sahihi?

Mimi kuja siwezi, unajua. Kuja siku mbili, kurudi siku mbili, na jirani ana watoto wake. Nikimwacha Mama siku nne sijui nitamkutaje. Kwa hiyo nimebaki kukutegemea wewe uniambie.

Ulipokuwa mdogo, kila ukivunja kitu ulianza kwa kusifu nywele zangu. Barua yako yote imenisifu nywele. Niambie ulichovunja.

Dada yako


8 Aprili 1989

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba kabla hujaendelea uketi, na kama Mama yuko karibu, usome kimoyomoyo.

Tarehe 14 Desemba, saa nne asubuhi, ajali ilitokea kazini. Kulikuwa na injini iliyomeza ndege. Ndege wa manyoya, si wa chuma. Siku zote tunafanya utani kwamba ndege kamla ndege. Ikaoshwa ndani kwa maji. Ikishaoshwa huzungushwa kwa stata bila mafuta ili maji yatoke. Ilizungushwa mara ya kwanza, ikasimama. Kucha akaenda kukagua mdomoni mwa injini, akaona unyoya umenasa nyuma ya safu ya kwanza ya mapanga, akapenyeza mkono kuutoa. Agizo lilitolewa, injini ikazungushwa tena, na mkono ulikuwa bado ndani. Madaktari waliukata siku hiyohiyo. Ni wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Jioni ile alinishika shati kwa mkono uliobaki, akaniambia, "Mjomba, Mama asijue mpaka mimi mwenyewe nijue nitakuwaje." Nikaahidi. Ndiyo sababu ya barua ile ya Februari.

Wodini alilazwa wiki saba. Siku ya tatu, dawa zilipompungua, neno la kwanza aliloniuliza ni, "Ule unyoya ulitoka?" Nikamwambia ulitoka. Sikuwa najua.

Sasa anakaa kwangu. Wifi yako amemtengea chumba cha mbele, chenye dirisha. Kidonda kimefunga. Anasema vidole vinamwasha, vile ambavyo havipo, na kinachomkera ni kwamba havikuniki. Anakula. Kulala, mara analala.

Nisamehe kukuficha. Nilidhani nitapata maneno mazuri zaidi kuliko haya.

Mdogo wako


23 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Huku salama, isipokuwa Mama ameanza kukataa chakula. Anafumba mdomo kama mtoto.

Niliketi kama ulivyoniambia. Kisha kengele ikapigwa, nikaingia darasani, nikafundisha. Mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, umeandika tarehe ya jana." Nikafuta. Akasema, "Sasa umeandika ya juzi." Nikawaachia wacheze.

Mwanangu ana miezi minne hana mkono, na mimi nilikuwa huku namnung'unikia kwamba haandiki. Hilo nitalibeba mwenyewe, wewe huna la kunisaidia.

La pili ni hili. "Agizo lilitolewa. Injini ikazungushwa." Nimefundisha kauli ya kutendwa miaka ishirini na sita. Nawaambia watoto tunaitumia tusipomjua mtenda, au asipokuwa na umuhimu, au tunapomficha. Hii ya kumficha haimo kitabuni, naiongeza mimi. Nani alitoa agizo? Nani alizungusha? Februari uliniandikia kwa mkono wako kwamba anayekaa kwenye kile kiti ni wewe.

Nimeuliza. Sitauliza tena.

Dada yako


28 Mei 1989

Dada yangu,

Shikamoo. Nyumbani kwangu wote wazima. Hiyo ndiyo habari pekee ninayoweza kukupa bila kuinamisha uso.

Nilizungusha mimi.

Waya wa hedifoni ulikuwa mbovu tangu Novemba. Ulikuwa ukikwaruza na kumeza maneno. Niliuandika kwenye kitabu cha hitilafu mara mbili, na mara zote mbili mkuu wa karakana alisema mpya umeagizwa, tumieni huohuo kwa sasa. Asubuhi ile tuliutumia. Kucha alisema, "Mjomba, usiizungushe." Mimi nilisikia mkwaruzo, kisha nikasikia "izungushe." Wewe ni mwalimu wa lugha, huna haja ya maelezo yangu. Herufi tatu zilibaki kwenye waya.

Lakini waya haukubonyeza swichi. Kanuni yetu ni kwamba aliye kitini hurudia agizo kwa sauti, akasubiri asikie "ndiyo," ndipo aguse. Nimewafundisha vijana wengi kanuni hiyo, na wengine nimewagombeza kwa ajili yake. Siku ile sikurudia. Nilifanya kazi na mwanao miaka minane, nilijiona najua atakachosema kabla hajasema. Nilibonyeza.

Mshale wa mzunguko ulipanda, ukafika asilimia nne, ukakwama. Haukupaswa kukwama pale. Nikadhani stata imechoka. Injini ile ni ya zamani, mapanga yote yamefungwa kwenye mhimili mmoja, stata ikivuta basi yote yanavutika, ya nje na ya ndani. Nikaendelea kubonyeza. Dada, niliendelea sekunde mbili, labda tatu, nautazama mshale na kuilaumu stata. Kisha fundi umeme, aliyekuwa akifanya kazi karibu na mkia, akawa anapiga ubavu wa ndege kwa ngumi. Ndipo nikaachia. Sauti ya Kucha sikuisikia hata kidogo, waya ulikuwa umekwisha kung'oka.

Kesho yake mkuu wa karakana aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ulisikia nini?"

"Izungushe."

"Una hakika?"

"Ndicho nilichosikia."

"Ulirudia agizo?"

Akatazama mlango, akatazama karatasi, akasema, "Hilo sijakuuliza. Andika ulichosikia."

Nikaandika. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Kwa karatasi ile wakaamua kwamba fundi wa nyuma alitoa agizo naye bado yuko mdomoni mwa injini, na akaachishwa kazi kwa uzembe. Barua ya kuachishwa ilifika angali wodini. Aliniomba nimsomee. Nikamsomea mpaka mwisho, pamoja na jina la aliyetia sahihi.

Januari fundi umeme alinivuta kando nyuma ya matangi, akaniambia, "Mzee, mimi nilikuwa karibu yake. Alisema usiizungushe." Nikamwambia nimesikia. Wiki iliyofuata alihamishiwa kituo kingine, na sikumfuata.

Barua yako ya Aprili ndiyo iliyonitoa. Niliandika maelezo mapya, nikayapeleka mwenyewe makao makuu. Nikaandika kwamba sikurudia agizo, na habari ya waya, na ya fundi umeme. Wiki tatu baadaye nikapata jibu la mistari miwili: suala hilo limekwisha kushughulikiwa na faili limefungwa. Nikaenda tena. Karani wa masijala akanionea huruma. Akaniambia, "Mzee, ukitaka lifunguliwe, mwombe aliyelifunga." Aliyelifunga ni mkuu wa karakana, sasa amepandishwa cheo. Nilitaka wanifukuze mimi pia. Hawakunifukuza. Wamenipa zamu ya asubuhi, ile ambayo watu wanaiombea miaka.

Lililobaki nalo nikuambie. Injini ikishapata ajali lazima ikaguliwe kabla ya kuruka tena, na kwenye zamu ile mwenye kibali cha kuikagua alikuwa mimi tu. Niliingiza lile bomba lenye taa, nikatazama ndani panga moja moja, safu baada ya safu. Panga moja lilikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo wenyewe ulikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Nikausawazisha kwa tupa, nikapima, nikatia sahihi. Tukaiwasha kwa nguvu zote, nimeshika breki, geji zote zikakaa mahali pake. Injini ile haina kasoro hata moja. Inaruka kila siku saa mbili asubuhi, nami nikiwa nje huisikia inavyoondoka.

Kucha hajaniuliza kitu. Miezi mitatu tumekula meza moja, namkatia nyama, ananiambia asante Mjomba. Sijui anajua nini. Kila siku nilisema leo nitamwambia, na kila siku nikazungumza habari ya mpira.

Anakuja kwako kwa basi la Jumanne. Amesema mwenyewe kwamba sasa anataka kuja. Nilimfungia mizigo, nikamfungia na kamba za viatu, akaniacha nifunge. Nimeshindwa kumwambia yeye, ndiyo maana nakuandikia wewe. Ni uoga, najua.

Mdogo wako


16 Julai 1989

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumaini Kucha alifika salama na barua yangu pia ilifika. Ni wiki saba sasa sijapata neno. Sidai jibu, nataka tu kujua kama mmepokea.

Mama anaendeleaje? Je, amerudi kula? Nimemtumia shuka zito kwa posta, la rangi ya udongo, maana miguu iliyogoma hupata baridi upesi. Mwambie safari hii kadi haikupotea.

Niliomba kuondolewa kwenye kuendesha injini. Wamekubali. Sasa nipo stoo, natoa spana na kuandika nani kachukua ipi. Kazi si mbaya.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


10 Agosti 1989

Mdogo wangu,

Huku tumebaki wawili, mimi na mwanangu. Mama alifariki tarehe 20 Juni, saa kumi alasiri. Hakuteseka. Alikuwa ameshika ncha ya gauni langu, nikaona mkono umelegea, nikadhani amelala. Tulimzika siku iliyofuata, karibu na Baba.

Najua unausoma mstari huo mara ya pili. Usome. Mimi nimeuandika mara tano nikachana.

Nianze na mwanao, maana ni mwanao pia. Alifika Jumatano, shati limefungwa vifungo vya juu na vya chini, cha katikati kimemshinda. Nilimwacha wiki nzima apumzike. Kisha nikamsomea barua yako ya Mei, maneno yote, hata ya sekunde tatu. Nilikuwa sijui kama nafanya vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua, Mama. Si mimi niliyesema?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakuwaambia wale watu.

"Niliwaambia, walikuja wodini na daftari. Wakaniletea karatasi ya Mjomba. Nikaona mwandiko wake, nikaacha."

"Ukaacha kwa nini?"

"Ningesema Mjomba ni mwongo? Na yeye hakuwa mwongo, alisikia hivyo. Na mkono haungerudi." Kisha akasema, "Kila jioni nilikuwa nasubiri aniambie. Nilikuwa nazima redio ili apate nafasi. Akawa anaiwasha tena tusikilize mpira."

Hapo nikakuchukia. Ajali ningeimeza, siku zangu zote zimejaa ajali. Ni ile redio. Mtoto anakuzimia redio, wewe unaiwasha.

Siku tisa baadaye Mama akafa, nami hasira ilikuwa bado mbichi. Mwanangu alisema, "Nakwenda posta kumpelekea Mjomba telegramu." Nikamwambia nitakwenda mimi. Akasema basi angalau aiandike yeye. Akaketi mezani na fomu, akaandika kwa mkono wa kushoto, akaharibu mbili, ya tatu ikatoka. Asubuhi nzima kwa maneno manne. Nikaichukua, nikatoka nayo, nikapita posta. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa hata na foleni. Nikapita tu. Nikazunguka sokoni, nikarudi nyumbani nikamwambia imekwenda.

Alikungoja. Alisema tumzike jioni badala ya mchana, labda umepata ndege ya bure kwa kuwa unafanya kazi huko. Jioni ikafika. Watu waliniuliza mbona mdogo wako hayupo, nikasema kazi. Yeye alikaa siku nne anatazama barabara, kisha akaacha. Hakukulaumu. Alisema, "Labda anaona aibu." Na mimi nikamwacha aamini hivyo.

Shuka lilifika Mama akiwa ardhini wiki sita. Mwanangu aliifungua kamba kwa meno. Alipoona barua yako ya Julai, unauliza Mama anakula, akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtoto niliyemzaa. Alitoka nje, akarudi usiku umeingia, na tangu siku hiyo ananijibu vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mwalimu.

Kwa hiyo sina haki ya kumshtaki mtu. Nilikuwa nakaa huku najiambia wewe ulinyamaza miezi mitano, ni mtu gani huyo. Kumbe mimi nilinyamaza wiki saba, na bila waya mbovu. Mama alikuwa wako kama alivyokuwa wangu. Nilikunyima kumwona akiingia ardhini, na hilo siwezi kulirudisha.

Yeye anatafuta kazi. Mwalimu mkuu amemwahidi nafasi ya kutunza bohari ya vitabu, halafu akaonekana ana mashaka, halafu akaahidi tena. Usiku anaamka anakuna mahali ambapo hakuna kitu. Nalala nikimsikia. Nimejaribu kumkunia hewani, akacheka kidogo, akaniambia ni chini zaidi.

Nimetia humu ile fomu yake. Imeandikwa BIBI AMEFARIKI MJOMBA NJOO. Herufi J ameigeuza upande, usimsahihishe.

Hasira haijaniisha, na sijui kama ni yako peke yako au imechanganyika na yangu. Sijui hata nikikuona mlangoni nitafanya nini. Njoo tu.

Dada yako